KUTOKA KIVUKO HADI DARAJA: MTO KILOMBERO KATIKA HISTORIA YA USHARIKA WETU

Kurasa nyingi za kitabu hiki cha miaka 100 zimewataja wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na majengo ya ibada. Ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, historia ya usharika wetu haiwezi kuelezwa kwa ukamilifu pasipo kuutaja Mto Kilombero na namna watu walivyouvuka. Kwa sehemu kubwa ya karne hii moja, mto huo ndio uliopanga ni lini mchungaji atafika, ni lini vikao vitafanyika, ni lini dawa zitaingia hospitalini, na ni mgonjwa gani atawahi na gani hatawahi. Sura hii inaeleza safari hiyo tangu enzi ya mtumbwi, kupitia enzi ya pantoni, hadi daraja lililozinduliwa mwaka 2018.

Mto mmoja, majina mawili

Mto Kilombero huanza pale yanapokutana maji yatokayo milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe, yakiletwa na mito kama Ruhudji, Mnyera na Mpanga. Hupita katika bonde pana, Udzungwa ikiwa upande wa kaskazini-magharibi na milima ya Mahenge upande wa kusini-mashariki, kisha huungana na Mto Luwegu na kuzaa Mto Rufiji. Wataalamu wa maji hukadiria kuwa takriban asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa hiyo tunapozungumzia mto wetu, tunazungumzia mzazi mkuu wa mto mkubwa kuliko yote katika Tanzania.

Katika ramani za Wajerumani mto huu uliitwa Ulanga. Baadaye jina la Kilombero likashika, na majina yote mawili yakabaki kuwa majina ya wilaya: Kilombero upande mmoja wa maji, Ulanga upande wa pili. Katika miaka ya 2010 Wilaya ya Malinyi nayo ikazaliwa kutoka Ulanga. Jina la Dayosisi yetu, Ulanga-Kilombero, kwa hakika ni majina mawili ya mto mmoja. Waliolichagua walitaja wilaya mbili, lakini pia walitaja maji yaliyozitenganisha.

Ili kuelewa ugumu wa kuuvuka mto huu, msomaji asiye mwenyeji anapaswa kujua kwamba Kilombero haina kingo imara kama mito ya milimani. Wakati wa kiangazi mto hukaa katika mkondo wake, na mtu husimama ukingoni akamwona jirani yake wa ng'ambo. Masika ifikapo, maji hutoka katika mkondo, hutambaa juu ya mbuga, na bonde hugeuka kuwa kama ziwa. Maji hayo ndiyo yanayoleta rutuba inayootesha mpunga unaolisha miji mingi, na ndiyo yanayolisha samaki, ndege na sheshe wa mbuga. Kwa ajili ya utajiri huo, mwaka 2002 bonde la Kilombero, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mafuriko hayo hayo ndiyo yaliyowashinda waliotaka kujenga njia ya kudumu. Kujenga juu ya mkondo peke yake hakukutosha. Ilihitajika kuinuliwa njia katika mbuga pande zote mbili, la sivyo daraja lingesimama peke yake katikati ya maji kila masika.

Enzi ya mtumbwi na kuingia kwa Injili

Wenyeji wa bonde hawakuuona mto kuwa kizuizi. Wandamba walikuwa wavuvi na mabingwa wa mitumbwi; mtumbwi wa gogo moja ulikuwa kwao nyumba, ghala na barabara. Wabena wa bondeni nao waliishi kwa kuyategemea maji kiasi kwamba A. T. na G. M. Culwick, walipoandika kitabu chao juu ya watu hao mwaka 1935, walikiita Ubena of the Rivers, yaani Ubena wa mito. Mtu aliyejua upondo, aliyejua wapi viboko hulala na wapi mamba hujificha, alivuka. Aliyekuja kutoka mbali alimtegemea yeye.

Injili kwa njia ya Walutheri ilishuka bondeni kutoka nyanda za juu za kusini, ambako Misioni ya Berlin ilianza kazi mwaka 1891. Walioileta hawakuja na vyombo vyao vya majini. Walivushwa. Jambo hili linastahili kukumbukwa katika kitabu kama hiki, kwa sababu mara nyingi tunamtaja aliyehubiri na kumsahau aliyeshika kasia. Hakuna Biblia, daftari la ubatizo wala kengele iliyoweza kuuvuka mto pasipo mikono ya wavushaji, ambao wengi wao hawakuwa Wakristo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na Mahenge ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji mwezi Oktoba 1917. Katika kipindi hicho kazi ya Bwana katika maeneo mengi ya kusini ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti Waafrika, hadi Waberlini waliporejea katikati ya miaka ya 1920. Hao walitembea kwa miguu na kuvuka kwa mitumbwi. Kanisa la bondeni lilijifunza mapema kusimama pasipo msaada wa kutoka ng'ambo, kwa kuwa msaada huo mara nyingi haukuweza kuvuka.

Enzi ya pantoni

Magari yalipoongezeka katika utawala wa Waingereza, mtumbwi haukutosha tena. Vivuko vya mito katika Tanganyika ya siku hizo vilikuwa vyombo bapa vilivyobeba gari moja au mawili, vikivutwa kwa kamba au waya kwa nguvu za watu. Baadaye zikaja pantoni zenye injini. Mahali pa kuvukia katika njia ya kutoka Ifakara kwenda Lupiro, Mahenge na Malinyi pakawa kitovu cha maisha ya bonde. Ng'ambo ya kusini kuna kijiji kiitwacho Kivukoni, na jina hilo linatosha kueleza asili yake.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka vema utaratibu wake. Gari liliteremka polepole hadi kwenye mlango wa pantoni. Abiria wa basi walishuka wote, wakapanda kwa miguu, wakasimama kando ya magari wakishika vyuma. Waliochelewa walibaki kivukoni, wakikaa vivulini pamoja na wauza chai, wauza maandazi na akina mama wenye sinia za kambale na perege wa kukaanga. Foleni ya malori ya mpunga iliweza kungoja siku nzima. Injini ikiharibika, iliweza kungoja zaidi. Masika yalipozidi, mkondo ulikuwa na nguvu kiasi cha kukihatarisha chombo, na maji yalifunika mahali pa kuteremkia. Ndipo watu waliporudi kwenye mitumbwi ya mababu zao, wakiwa na mizigo, baiskeli na wagonjwa.

Tofauti kati ya pande mbili za mto ilizidi kukua. Kiwanda cha sukari kilianzishwa Kidatu mwaka 1960. Maabara iliyofunguliwa Ifakara mwaka 1957 na Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Uswisi ilikua hadi kuwa kituo cha utafiti wa malaria kinachojulikana duniani kote. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilipita Ifakara na Mlimba, yote upande wa kaskazini. Mkulima wa Ifakara aliweza kuusikia mlio wa treni. Mkulima wa Malinyi alikuwa na mpunga mzuri vilevile, lakini kati yake na treni kulikuwa na maji. Mnunuzi aliyevuka alijua kwamba muuzaji hana njia nyingine, na bei aliyoitoa ilionyesha kuwa anajua.

Saa za kivuko na saa za ugonjwa

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa ya saa. Kivuko kilikuwa na saa ya kuanza na saa ya kufunga. Ugonjwa hauna saa, na uzazi hauna saa.

Kanisa letu lina Hospitali ya Kilutheri ya Lugala huko Malinyi. Kwa miaka mingi hospitali hiyo imekuwa kimbilio la watu wa upande wa kusini, wa dini zote na wasio na dini. Madaktari na wauguzi wake walifanya upasuaji, walizalisha na kutibu malaria katika mazingira ambayo wenzao wa mijini wasingeyaamini. Lakini kila hospitali ina kikomo cha uwezo wake. Mgonjwa aliyezidi kikomo hicho alipaswa kupelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ya ndugu zetu Wakatoliki, au mbali zaidi, Morogoro na Dar es Salaam. Na watu wa vijiji vilivyo kati ya Lupiro na mto walikuwa karibu zaidi na Ifakara kuliko na hospitali nyingine yoyote. Waliweza kuziona taa za upande wa pili.

Mama aliyepata uchungu wa uzazi wenye matatizo asubuhi alikuwa na tumaini. Aliyeupata baada ya kivuko kufungwa alipaswa kungoja mapambazuko au kuingia mtumbwini gizani, katika mto wenye viboko na mamba, akiwa amelala juu ya mkeka uliolowa maji. Ndugu zake walilazimika kuchagua kati ya hatari mbili, na hawakuwa na muda wa kufikiri. Katika mazishi, wachungaji wetu wamesimama mara nyingi mbele ya makaburi ambayo chanzo chake kilikuwa saa chache za kungoja. Jambo hili haliandikwi katika daftari la marehemu. Safu ya sababu ya kifo huandikwa ugonjwa, haiandikwi mto.

Kazi ya Kanisa nayo ilikwenda kwa saa za kivuko. Mjumbe wa kikao cha Ifakara aliondoka siku moja kabla. Ibada za Kipaimara na Chakula cha Bwana zilipangwa kwa kuangalia majira ya mvua. Bati, saruji na mbao za majengo zilifika zikiwa na bei iliyobeba gharama ya kungoja. Msomaji anapotazama picha za makanisa yetu ya zamani katika kitabu hiki, akumbuke kwamba kila kitu kilichoonekana ukutani na juu ya paa kililala kwanza kando ya mto.

Ajali ya mwaka 2016 na ujenzi wa daraja

Madai ya daraja yalikuwa ya muda mrefu, na kila uchaguzi yalirudiwa. Hatimaye, katika awamu ya nne ya uongozi wa nchi, Serikali iliamua kujenga. Mkataba ulisainiwa mwaka 2012 na kazi ikapewa kampuni ya China Railway 15 Bureau Group. Waziri wa Ujenzi katika miaka hiyo alikuwa Dkt. John Pombe Magufuli, ambaye baadaye, akiwa Rais wa awamu ya tano, alilizindua daraja hilo yeye mwenyewe.

Kabla kazi haijakamilika, mto ulidai tena. Mwishoni mwa Januari 2016, wakati wa mvua na upepo mkali, kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kikiwa na abiria na magari. Nguzo za daraja zilikuwa zimekwisha kusimama karibu na hapo. Waliosimama ukingoni siku zilizofuata waliweza kuona kwa pamoja chombo kilichozama na njia ambayo ingekiondolea kazi. Hakuna hotuba iliyoweza kueleza haja ya daraja kuliko mandhari hiyo.

Daraja lilizinduliwa mwezi Mei 2018 na kupewa jina la Magufuli. Lina urefu wa mita 384, na limeunganishwa na barabara za maingilio zenye urefu wa zaidi ya kilomita 9. Msomaji azilinganishe tarakimu hizo mbili. Sehemu ya juu ya mkondo haifiki hata nusu kilomita, lakini njia iliyoinuliwa katika mbuga ni zaidi ya mara ishirini ya urefu huo. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya kuushinda Mto Kilombero. Kazi yote iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 60, nazo zilitoka katika hazina ya Serikali ya Tanzania, yaani katika kodi za wananchi, wakiwamo wale waliokuwa wakingoja kivukoni.

Yaliyobadilika

Si vema kudai kwamba daraja limeondoa shida zote. Lilipozinduliwa, barabara za kwenda Mahenge na Malinyi zilikuwa bado za udongo, na lori lililovuka mto kwa dakika moja liliweza kukwama matopeni saa kadhaa mbele ya safari. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 katika wilaya za Kilombero na Malinyi yalitukumbusha kwamba maji yana njia nyingi, na kwamba daraja kubwa halisaidii pale kalavati dogo linapochukuliwa. Njia iliyorahisika kwa daktari imerahisika pia kwa mtafuta ardhi, na migogoro ya mashamba na malisho bondeni haikuisha kwa sababu ya zege.

Wapo pia waliopoteza. Akina mama waliouza samaki na chai kwa wasafiri waliongoja walikuta siku moja hakuna anayengoja. Wapiga kasia ambao familia zao ziliishi kwa kuvusha watu tangu enzi za mababu waliukosa ujira wao. Maendeleo yanayowanufaisha wengi yanawadai wengi hao wawakumbuke wachache walioyalipia. Usharika unaosherehekea karne moja hauna budi kujiuliza kama umewatembelea jirani hao, kama ulivyowahi kuitegemea mikono yao.

Pamoja na hayo yote, lipo badiliko ambalo hakuna mwenye haki anayeweza kulikana. Daraja limeturudishia usiku. Gari la wagonjwa linaweza kutoka Lugala saa nane za usiku na kuvuka bila kumwomba mtu ruhusa. Mama mwenye uchungu hangoji tena mapambazuko ili awe na haki ya kuishi. Mwanafunzi anayekwenda shule, mkulima anayefuata bei nzuri, mwinjilisti anayekwenda kumzika mshirika wa mtaa wa mbali, wote wanapanga safari zao kwa haja yao wenyewe, wala si kwa saa za chombo.

Shukrani na wajibu

Wana wa Israeli walipovuka Yordani waliagizwa kuchukua mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto, ili watoto wao watakapouliza maana ya mawe yale, wapate jibu. Sisi nasi tunao watoto waliozaliwa baada ya mwaka 2018. Wanavuka daraja wakiwa wamelala mapajani mwa mama zao, na kwao mto ni kitu cha kutazama dirishani. Tunamshukuru Mungu kwa usingizi huo. Lakini watakapouliza kwa nini kijiji kinaitwa Kivukoni ilhali hakuna kivuko, ni wajibu wetu kuwajibu kwa ukamilifu: kuwaeleza habari za mitumbwi na wapiga kasia, za walimu waliovuka na Neno, za wagonjwa waliongoja na hawakuwahi, na za wananchi waliodai kwa miaka mingi hadi wakasikilizwa.

Tena tuwafundishe kwamba njia hii ni mali yao na inahitaji kutunzwa. Anayelima hadi ukingoni mwa mto, anayekata miti ya milima inayoleta maji, anayeiba vyuma vya barabara au anayepitisha mzigo uliozidi uzito, analipunguzia daraja umri wake, na anawarudisha jirani zake kivukoni.

Usharika wetu unaingia katika karne ya pili ukiwa na njia ambayo waanzilishi wetu hawakuijua. Walifanya kazi kubwa wakiwa na mto mbele yao. Kilichobaki ni sisi, tuliopewa njia usiku na mchana, tusionekane kuwa tumefika kwa wagonjwa, kwa maskini na kwa walio mbali mara chache kuliko wao. Mungu Baba, aliyewavusha wazee wetu, na atuwezeshe.